Nahau iko mkiani mwa neno

Swali: Assalaamu alaykum Maalim. Mimi ni mwalimu kijana wa nahau, yaani kanuni za sentensi za Kiarabu, katika madrasa moja hapa Igoma, Mwanza. Nina wanafunzi 22, wengi wao wa kidato cha kwanza hadi cha tatu. Shule zikifungwa Desemba wanatawanyika: Ukerewe, Sengerema, Geita, na wengine kambi za dagaa visiwani. Mwaka jana nilifungua kundi la WhatsApp nikawatumia video na PDF za masomo yote. Haikupita wiki kundi likawa la picha za Ijumaa Karim, na Januari walirudi hawakumbuki hata alama za raf'u, ile hali ya neno lililo mtenda. Simu ni za wazazi, bando ni la kuhesabu, na wawili kwao kuna kitochi tu. Mwaka huu nitumie programu gani?

Jibu: Wa alaykumus-salaam warahmatullah, ustadhi wangu. Programu unayo tayari. Ni hiyo hiyo WhatsApp iliyokutoa jasho mwaka jana, ila safari hii sehemu utakayoitegemea ni kile kitufe chenye alama ya maikrofoni. Nataka wanafunzi wako wasome kwa sauti, kila siku sentensi moja, na wewe usikilize. Najua ulitarajia nikutajie kitu kipya cha kupakua. Viko, na vichache nitavitaja mbele, lakini vyote ni vya pembeni.

Nianze na sababu, kwa maana ukiielewa hutahitaji kuniuliza tena kuhusu programu zitakazotoka mwakani.

Andika neno hili kwenye simu yako: كتب. Umeandika nini? Huenda ni kataba, ameandika. Huenda ni kutiba, imeandikwa. Huenda ni kutubu, vitabu. Au kattaba, amemfanya mtu aandike. Kiarabu cha kawaida huandikwa bila fat-ha, kasra wala dhamma (alama za a, i na u), na nahau karibu yote inakaa kwenye alama hizo ambazo hazikuandikwa. Sasa mwanafunzi anapokujibu kwa kuandika, au kwa kuchagua jibu A, B au C kwenye fomu, unaona mifupa ya neno tu. Kilichokupeleka darasani hukioni.

Angalia mfano wa huku kwetu: رأيت الصيادين. Mwanafunzi ameandika kwamba amewaona wavuvi. Wangapi? Akisoma as-sayyaadiina, ni wengi. Akisoma as-sayyaadayni, ni wawili. Kwa herufi, maneno hayo mawili hayana tofauti hata ya nukta moja. Ukimpa mtihani wa kuandika, wote 22 watapata, na hutajua nani anaujua wingi na nani anaujua uwili. Mpe sekunde kumi za kusoma, utajua papo hapo.

Hili nililijifunza kwa aibu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, nami nilikuwa na darasa la nahau upande wa Pasiansi. Niliwatengenezea fomu za maswali mtandaoni, za kuchagua jibu, na matokeo yalikuwa mazuri mno. Kijana mmoja alikuwa hakosi kumi na nane juu ya ishirini kila wiki, nikawa namtaja kwa wazazi wa wenzake. Tuliporudi mwishoni mwa Juni nikamsimamisha asome mistari mitatu. Alisoma yote kwa sukuni, yaani bila irabu mwishoni mwa neno. Kila neno likifika mwisho analikata kama mtu anayekata muwa: as-sayyaad, as-samak, as-suuq. Wenyewe Waarabu wana msemo wa kumtania mtu wa namna hii: sakkin taslam, weka sukuni usalimike. Alikuwa amejificha ndani ya sukuni miezi mitatu na mimi nikimpigia makofi.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Kiswahili hufanya sehemu kubwa ya kazi yake mwanzoni mwa neno. Wavuvi wale wazuri wameuza: hiyo wa- inarudi na kurudi mbele ya maneno, nawe unajua nani kafanya nini. Kisukuma nacho ni hivyo hivyo, na Kikerewe, na Kijita. Kwa hiyo mtoto wa Mwanza, lugha yoyote anayoongea nyumbani, sikio lake limefunzwa tangu utotoni kusikiliza kichwa cha neno. Kiarabu kinamwambia habari iko mkiani. Asipozoezwa kusikia mkia, sheria atazikariri zote na bado kwenye kusoma atazipita bila kuziona, si kwa uzembe bali kwa mazoea. (Ndiyo maana tulikipokea kitabu tukakipachika kwenye ki- na vi- tukasema vitabu. Mwarabu alikuwa na kutub yake, wala sisi hatukuihitaji.)

Tuje kwenye video na PDF zako. Hukukosea kuzitengeneza, ulikosea kudhani kwamba kutazama ni kudurusu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kujifunza. Wengine waliyasoma tena na tena, wengine waliyasoma kisha wakafunga na kujaribu kuyakumbuka. Baada ya dakika chache waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na somo. Likizo yako ni wiki tano hivi, basi jihesabie mwenyewe. Masheikh zetu wa zamani hawakungoja utafiti. Mwanafunzi alikuwa anasoma mbele ya mwalimu, anakosea, anarudishwa, anasoma tena. Wewe unautafuta ule ule mkeka, tofauti ni kwamba kati yako na mwanafunzi kuna ziwa.

Sasa udurusu nini? Usijaribu masomo yote. Kama umeanza na Ajurumiya, kile kitabu kidogo cha nahau, kama wanavyoanza wengi, basi Ibn Ajurrum, aliyefariki Fez mwaka 1323, ameshakupangia likizo bila kujua. Kwa hesabu yake alama za i'rabu, yaani mabadiliko ya mwisho wa neno kufuata kazi yake katika sentensi, ni 14: raf'u ina nne, nasbu (kama ya mtendwa) tano, khafdhi (kama ya jina baada ya fii) tatu, jazmu (ya kitenzi kilichokatwa mwisho) mbili. Katika hizo 14, nne ni za asili, yaani dhamma, fat-ha, kasra na sukuni. Hizo wanafunzi wako wanazijua hata wakiwa usingizini. Zinabaki kumi, zile zinazoshika nafasi ya zile za asili: wawu, alifu na nuni kwenye raf'u, alifu, kasra, yaa na kuondoka kwa nuni kwenye nasbu, yaa na fat-ha kwenye khafdhi, na kule kudondosha herufi kwenye jazmu. Kumi kwa wiki tano ni mbili kwa wiki. Hapo ndipo watoto wanapoanguka, na hapo ndipo pa kukaa likizo nzima. Mengine, mubtada na khabari (anayetajwa na habari yake), faili na mafuuli bihi (mtenda na mtendwa), yatakuja yenyewe ndani ya sentensi kwa sababu kila sentensi ina baadhi yake.

Na sentensi utunge wewe. Zaydi amempiga Amri kwa karne nyingi kwenye vitabu vya nahau, mwache apumzike. Mtoto aliye Ukara au Kome anaamka anaona mtumbwi, wavu, samaki, kisiwa, ziwa. Mpe qaarib, shabaka, samak, jaziira, buhayra. Siku ya kwanza unatuma hivi, bila alama yoyote:

باع الصيادون السمك في السوق اليوم

Wavuvi wameuza samaki sokoni leo. Anatakiwa akurudishie kwa sauti: baa'as-sayyaaduunas-samaka fis-suuqil-yawm. Utaona nimeongeza al-yawm mwishoni. Si urembo. Kwa kanuni ya wakfu, yaani ya kusimama katika kusoma, msomaji akisimama ana haki ya kuacha mkia wa neno la mwisho, na mwanafunzi mjanja atakaa kwenye haki hiyo mpaka Januari. Kwa hiyo kila mara weka neno moja la ziada ambalo humuulizi, ili yale unayoyauliza yawe katikati na alazimike kuunganisha. Mwambie wazi: ukikata katikati, sauti inarudi.

Akishasoma, kwenye sauti hiyo hiyo aongeze sababu moja tu ya neno moja utakalolitaja: as-sayyaaduuna ni faili, marfuu (yuko katika raf'u), alama yake wawu kwa kuwa ni jam'u mudhakkar saalim (wingi wa kiume wa kuongeza mwisho). Basi. Usimwombe i'rabu ya sentensi nzima, atachoka na simu ya baba itaitwa.

Siku ya pili mvuvi yule yule avae nguo nyingine: ra-aytus-sayyaadiina fis-suuqil-yawm. Siku ya tatu: sallamtu 'alas-sayyaadiina fis-suuqil-yawm, aseme nasbu na khafdhi zimekutana wapi. Siku ya nne walete wavuvi wawili, usimwambie kuwa ni wawili kabla hajasoma. Andika tu الصيادين na mbele yake weka sifa iliyotiwa alama ya uwili, uone kama anageuza macho. Ijumaa pumziko. Neno moja limefanya kazi wiki nzima, na watoto hawachoki, kwa kuwa kila siku linakuja na mkia mpya. Nimeona madarasa ambako maneno mapya ishirini yalitupwa kwa siku moja, na mwisho wa siku somo lilikuwa msamiati, nahau ikawa imesahaulika mlangoni.

Ukifika kwenye majina matano, yale kama abuu na akhuu yanayobadilika kwa herufi, huhitaji hata kutunga. Waulize: kwa nini tunasema Abuu Talib lakini tunasema Ali bin Abii Talib? Ni mtu mmoja. Wamelitamka jina hilo tangu chekechea na wengi hawajawahi kujiuliza. Akigundua mwenyewe kwamba Abii amekuwa mudhafu ilayhi (neno la pili katika "mwana wa Abii") na yaa ndiyo alama yake, hatasahau. Kisha mpe Dhul-Hijja na umuulize kwa nini baada ya fii inakuwa Dhil-Hijja.

Na ukifika inna na ndugu zake, mpe kazi isiyohitaji bando hata moja: asikilize adhana. Ash-hadu anna Muhammadan Rasuulullaah. Anna imelipa jina lake nasbu, Muhammadan, na khabari imebaki na raf'u, Rasuulu. Kuna waadhini wanaosema Rasuulallaah kwa fat-ha, na hapo kinahau sentensi inakuwa haijaisha: nashuhudia kwamba Muhammad, Mtume wa Allah... halafu nini? Mwanafunzi wako asikilize msikiti wa kijijini kwao kisha akuletee jibu. Lakini mwonye, kwa herufi kubwa, asiende kumsahihisha muadhini mbele za watu. Mimi nilikuwa na mmoja aliyefanya hivyo kisiwani, na simu niliyopigiwa na babu yake naikumbuka hadi leo.

Sasa mpangilio wa kundi. Ingia kwenye mipangilio, ufanye wasimamizi peke yao ndio wanaotuma ujumbe. Ijumaa Karim imeishia hapo. Sentensi unaituma kundini baada ya Alfajiri, majibu yanakuja kwako faragha. Usiwafanye wasome mbele ya wenzao. Darasani kukosea kunapita, lakini sauti iliyorekodiwa inabaki, inasambazwa, na mtoto wa miaka kumi na minne akichekwa mara moja utakuwa umempoteza hadi shule ifunguliwe. Kwa mabinti, zungumza na wazazi kabla likizo haijaanza. Kama madrasa ina ustadha, sauti zao ziende kwake. Kama hana nafasi, zipitie simu ya mama naye awe anajua. Hili ni la adabu na pia ni la usalama, usilichukulie kwa wepesi kwa kuwa wewe unajiamini.

Bando lisikutishe. Ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki hata nusu ya MB, wakati saa moja ya darasa la video hula mamia ya MB. Mwanafunzi anayesoma sekunde ishirini kila siku kwa likizo nzima hatafikia gharama ya kipindi kimoja cha Zoom. (Na Zoom ya bure inakukata baada ya dakika 40, kwa kawaida pale tu yule wa mwisho anapofanikiwa kuingia.) Waambie wazime simu isipakue picha na video yenyewe. Wale wasiopata mtandao kila siku, watumie sentensi sita za wiki siku moja. Nao warekodi kwa nafasi yao, na zitaondoka zenyewe simu ikipata minara.

Na muda wako? Piga hesabu: sauti 22 za sekunde 20 ni dakika saba na ushee. Ongeza muda wa kujibu, nusu saa baada ya Isha inatosha. Nakuomba kitu kimoja: ile sehemu ya kuharakisha sauti mara moja na nusu au mara mbili, usiiguse. Ukiharakisha, kinachopotea kwanza ni mikia, na mikia ndiyo uliyoijia.

Unapojibu, usimpe jibu sahihi. Hili ni gumu, maana kidole kinawasha. Mtoto amesoma baa'as-sayyaadiina, wewe umuulize tu, "Nani ameuza?" Umngoje. Mara nyingi atajirudi mwenyewe, na kule kujirudi ndiko kudurusu. Akikosa mara ya pili, ndipo umsomee sentensi kwa sauti yako, polepole, bila maelezo, aseme amesikia tofauti wapi. Kama ana tabia ya kuchanganya r na l, tulivyo wengi kanda hii, usimsumbue nayo katika sauti hiyo hiyo. Siku ya nahau ni ya nahau. Ya matamshi mtafutie siku yake.

Kuhusu wale wa kambi za dagaa, nikuongezee jambo ambalo ratiba ya wizara haiwezi kukuonyesha. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu na wavuvi wengi hupumzika. Siku za giza mtoto ataamka kuanika dagaa, atageuza, ataanua mvua ikitishia, na simu ya baba itakuwa ziwani au kwa mnunuzi. Usimdai kitu siku hizo, mpe sentensi mbili tu za wiki nzima. Zikifika tarehe 12 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu, ndipo umpe zile alizokosa. Sisi walimu wa madrasa kalenda hiyo tunayo ukutani tayari, tena katikati yake pana funga ya ayyaamul-biidh, siku za mwezi mpevu. Umuulize nalo: biidh ina kasra kwa nini?

Sarufu, yaani maumbo ya maneno, sitakaa nayo sana kwa kuwa umeuliza nahau. Ila kuna mchezo mmoja usiohitaji simu. Mwanafunzi akusanye maneno ya Kiswahili yaliyovaa umbo la maf'uul: maalumu, mashuhuri, marehemu, mahabusu. Mwingine akusanye ya faa'il: katibu, hakimu. Mwingine mahali pa tendo: maktaba, mahakama, madrasa. Akishaona kwamba marehemu ni mwenye kurehemiwa na mahabusu ni aliyefungwa, umbo limeingia kichwani kupitia lugha anayoiota. Awe mwangalifu tu na maana. Maneno mengi yakishavuka bahari yalibadili tabia.

Zana nyingine ni hizi. Kwanza kibodi ya Kiarabu, kila simu ya Android inaweza kuongezewa. Fat-ha na kasra zimejificha, unabonyeza na kushikilia ndipo zinatokea. Wafundishe hilo kabla hawajaondoka Igoma. Pili Anki, programu ya kadi za kudurusu. Kwenye Android ni ya bure, na ukishaiweka kadi zinafanya kazi bila intaneti. Kazi yake ni kukurudishia kadi unayoisahau mara nyingi zaidi kuliko unayoijua. Usiweke ta'riifu kwenye kadi, "mubtada ni nini?", hapana. Weka sentensi yenye kosa mbele, nyuma weka iliyosahihishwa. Wanafunzi watatu au wanne wenye simu zao watafaidika nayo, wengine waache. Tatu, hii ni yako wewe: korpasi (hazina ya maandishi yaliyochambuliwa) ya Kiarabu cha Kurani iliyojengwa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Unaingia kwenye aya, unabonyeza neno, unaona aina yake, mzizi wake na hali yake ya i'rabu. Maelezo yake mengi ni ya Kiingereza, lakini istilahi za Kiarabu zipo. Ukikwama na mfano wa aya usiku wa manane na sheikh wako amelala, itakusaidia.

Najua pia vijana wameshaanza kuuliza akili mnemba. Huwezi kuwazuia, basi uwafundishe kuipima. Zana hizi huongea kwa kujiamini hata zinapokosea, na mara nyingi hukosea pale pale kwenye alama zinazoshika nafasi ya nyingine. Kabla hujaiamini yoyote, iombe iweke harakati (alama za irabu) kwenye sentensi tatu hizi:

رأيت المعلمات

صليت في مساجد كثيرة

اشترى أخوك ثلاثة قوارب

Ya kwanza ikikupa al-mu'allimaata kwa fat-ha, imeanguka. Jam'u muannath saalim (wingi wa kike wa kuongeza mwisho) inanasibiwa kwa kasra, al-mu'allimaati. Ya pili inatakiwa fii masaajida kathiiratin, jina kwa fat-ha kwa kuwa ni mamnuu' minas-sarf (jina ambalo hapa halipokei kasra), na sifa yake kwa kasra. Wengi, watu na mashine, huvifananisha viwili hivyo. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: ishtaraa akhuuka thalaathata qawaariba. Ndugu yako amenunua mitumbwi mitatu. Akhuuka ni faili kwa wawu. Thalaathata imebeba herufi taa ya kike kwa sababu mtumbwi ni wa kiume, na imenasibiwa. Qawaariba ni mudhafu ilayhi, majruri (iko katika khafdhi), lakini amevaa fat-ha. Mambo matatu ndani ya maneno manne. Iweke ya wiki ya tano, na atakayeisoma mara moja bila kurudi nyuma, Januari mpe kiti cha mbele.

Kuna njia nzuri zaidi ya kuitumia akili mnemba: chukua jibu lake lenye kosa, litume kundini kama lilivyo, uwaambie, "Mashine imekosea mahali pamoja, mniambie wapi na kwa nini." Hakuna kazi niliyowahi kutoa iliyojibiwa haraka kama hiyo. Watoto wanapenda sana kumkamata mkubwa.

Wabaki wale wawili wa kitochi. Hao usiwaandikie ujumbe wa maandishi kwa herufi za Kilatini, utawachanganya. Kabla hawajaondoka wape karatasi moja yenye sentensi zote thelathini, zimeandikwa kwa mkono, bila harakati, na tarehe pembeni. Kila Jumapili jioni wapigie wewe, kwa dakika zako, si wao wapige. Wasome sita za wiki, uwaulize "nani ameuza?" pale panapohitajika, dakika nne zimetosha. Ukipata nafasi ya karatasi ya ziada, watolee nakala wote 22, maana simu ya baba nayo huanguka ziwani.